Kaburi la Kwenye Shuka

Mimi nimeishia darasa la pili, na leo nina mashine mbili za kusaga na lori linalokwenda Shelui kila gulio. Sikubebwa na mtu. Hata ujanani Ilongero nzima ilinijua, maana gari la sinema lilipokuja na picha zisizosema, mimi ndiye niliyesimama kando ya shuka jeupe nikiwaeleza watu kwa Kinyaturu. Hakuna aliyenifundisha. Niliangalia midomo inavyocheza, nikajaza maneno.

Safari moja tukaonyeshwa wanaume wakichimba shimo refu, nyuso zimekunjamana. Nikasema ni kaburi, amefariki mzee mwenye ng'ombe wengi. Nilinogesha mpaka akina mama wakalia. Mzee niliyekuwa nimeposa kwake, naye amekubali, akasimama akatangaza kesho mtu asishike jembe, kama tufanyavyo pakiwa na msiba. Kweli, mtama ukashinda bila kupaliliwa. Mimi nikatembea kifua mbele.

Mwaka uliofuata gari likarudi na mashine yenye sauti. Picha ilikuwa ile ile. Wale wanaume wakaanza kuchimba, na mara hii shuka likasema lenyewe, kwa Kiswahili: kila kaya ichimbe choo.

Vijana wakaangua kicheko. "Fundi, marehemu tunamzika chooni?"

Mzee hakujua Kiswahili. Akanigeukia, akauliza kwa upole, "Mwanangu, shuka linasema nini?"

Kwetu mkwe hatajiwi choo. Hata ukienda huko unazunguka mbali asikuone. Mimi niliyekuwa sikosi neno, nikatafuta la kujaza.

"Bado wanachimba, baba," nikasema.

Kicheko kikazidi. Dada yake mzee, mama asiyemwogopa mtu, akamwinamia. "Kaka, ni choo. Tulililia choo."

Mzee akachukua kigoda chake, akaondoka bila kunitazama.

Asubuhi nikaenda kwake, nikachuchumaa nje ya mlango, nikaamkia shikamoo. Akaitika, maana shikamoo haikataliwi. Halafu akanyoosha mkono kuelekea uani. Mbuzi wangu wa posa alikuwa amekwisha kufungwa kamba, ananingoja.

Njia ya kurudi ilipita katikati ya mashamba. Watu walikuwa wanapalilia pande zote mbili. Nikamvuta yule mbuzi akilia njia nzima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninampeleka wapi.