Mapigo Matatu ya Kinu

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu, mbele kidogo ya Mkiwa, magoti yakinisumbua njia nzima. Palipokuwa na ua wetu pana mashine ya kusaga. Siku hizi hakuna anayetwanga alfajiri, ndugu yangu, na kimya kile kilinichosha kuliko safari.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya Ujamaa. Sisi tulihamia, bibi akakataa. Alibaki peke yake kwenye nyumba yake ya tembe ng'ambo ya bonde, nyuma ya jabali, na mbuzi wanne. "Nilishahama siku nilipoolewa, yatosha," alisema. Mama hakuwa na nguvu ya kubishana na mama yake. Wakakubaliana hivi: kila alfajiri bibi apige kinu kitupu mara tatu, mama naye amjibu mara tatu. Tukisikia, tunajua ameamka salama, ndipo mama anakoroga uji wa uwele.

Yakaja mavuno ya shamba la kijiji. Kengele yetu, kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, ikawa inagongwa mapema mno, basi mama akaanza kupiga yeye kwanza ili asichelewe. Ng'ambo ikajibu, ko, ko, ko. Tukajitwisha vikapu tukaenda. Siku ya pili vilevile.

Siku hiyo ya pili, darasani, mwalimu alifunga kamba mlangoni, akaweka kitambaa chekundu katikati, akaitikisa. Wimbi likakimbia hadi mlangoni, likarudi mkononi mwake. Kitambaa kikapanda na kushuka palepale. Akasema sauti nayo ni wimbi. Hewa haihami, mtikisiko ndio unaopita, na ukigonga kitu kigumu unarudi ulikotoka. Tulikariri kama kasuku. Mimi nilikuwa nasinzia, mikono inawaka kwa kukata masuke.

Alfajiri ya tatu mama akapiga. Jibu likaja papo hapo, hata mchi hajauweka chini. Bibi hakuwa mtu wa haraka. Alivuta pumzi kwanza, na pigo lake la tatu siku zote lilikuwa hafifu. Haya yalilingana na ya mama kabisa.

"Mama," nikasema, "hebu piga mara mbili."

Alinikazia macho, lakini akapiga. Yakarudi mawili.

Mama aliutupa mchi akakimbia, nami nyuma yake. Bibi alikuwa amelala kando ya kinu chake, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Mama akapiga magoti, akasema shikamoo huku analia. Bibi akaitikia marahaba kwa taabu.

"Nimewasikia siku zote hizi," akasema. "Nikajiambia, sijajibu, watakuja."

Tulimbeba hadi kijijini kwa kitanda cha kamba. Mvua za kwanza hazikumkuta. Mama hakutwanga tena mpaka anakufa. Nafaka yetu alitwanga jirani, na mama hatukumuuliza kitu.

Safari hii nilianza kuvuka bonde polepole, nikipumzika kila mara. Sikufika kwa bibi, miguu ilikataa. Nikaokota mawe mawili, nikayagonganisha mara tatu. Jabali likajibu upesi, kama lilivyotujibu sisi. Nikaendelea kusimama pale kwa muda mrefu, nikisubiri yale mapigo mengine, ya polepole.