Kamati ya Paka wa Ghala

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, juu kidogo ya Soni, mama mkwe wangu aliacha mengi shamba la zamani, lakini paka wake alimbeba mwenyewe. Alikuwa paka jike wa mabaka, mkali kwa panya.

Msimu wa kwanza tulijaza mahindi ya pamoja kwenye ghala la kijiji. Panya nao wakahamia, wala hawakuhitaji kuhamasishwa. Asubuhi moja mwenyekiti wa kijiji akaja kwetu, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumekaa tukaamua. Paka wako sasa ni wa kijiji. Atahamia ghalani."

Mama mkwe aliendelea kumenya viazi. "Na akiugua, atauguzwa na nani?"

Lilikuwa swali la jikoni tu, ila mwenyekiti hakuwa mtu wa kupuuza maswali. Jumapili, baada ya ibada, ikaundwa Kamati ya Afya na Ustawi wa Paka. Mimi nikafanywa mjumbe, kwa sababu ndimi niliyejua paka hupenda kulala wapi. Kamati ikatengewa maziwa ya ng'ombe wa kijiji kwa ajili ya lishe yake. Kila Jumatano tulikutana, tukanywa chai nzito ya maziwa, tukaijadili lishe hiyo. Paka hakulalamika, panya walimtosha. Mgeni wa wilayani alipopita alinyweshwa chai ile ile, akatusifu kwamba tumewatangulia wote mpaka Mtae.

Kisha paka akaugua. Macho yalivimba yakatoa usaha, akajilaza juu ya magunia huku panya wakimpita mbele ya pua. Kamati ilikaa kikao cha dharura. Makamu mwenyekiti alitaka tuthibitishe kwanza kama ugonjwa ulimpata akiwa kazini. Mwishowe tukaazimia kumwita bwana mifugo kutoka Lushoto.

Alikuja kwa pikipiki, kijana mpole wa Tanga, suruali imejaa tope. Alimtazama paka, akajikuna kidevu.

"Ndugu mwenyekiti, mimi nina maelekezo ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Paka hayumo. Huyu ni mfugo?"

"Hapana," mwenyekiti akajibu kwa fahari. "Huyu ni mfanyakazi."

"Basi mfanyakazi hutibiwa zahanati."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akamtia paka kikapuni, nikamsindikiza, tukapanga foleni nyuma ya mzee mwenye kikohozi. Mganga wa zahanati alikifunua kikapu, akakifunika tena polepole.

"Huyu simuwezi, mama. Nikimtibu leo, kesho nitaletewa punda."

Njia nzima mama mkwe alizungumza na kikapu kwa Kishambaa, na aliyoyasema kuhusu kamati sitayatafsiri. Hakumrudisha ghalani. Alimlaza karibu na mafiga, akawa anamfuta macho kwa maji ya uvuguvugu. Mwanamke huyu hakutoa chozi tulipohamishwa. Siku ile nilimwona akijifuta kwa pembe ya kanga.

Kesho yake jioni pikipiki ikanguruma nje. Bwana mifugo alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo, mama. Sijaja kikazi." Akatoa mfukoni dawa ya kupaka. "Hii ni ya macho ya ndama. Tutampaka kidogo tu."

"Marahaba. Ingia, mwanangu, nje kuna baridi."

Mama mkwe alishika miguu, yeye akashika kichwa. Alikwaruzwa mpaka kiwiko, akavumilia. Aliondoka na peasi alizozikataa mara mbili.

Paka akapona, na kamati ikatangaza kwamba juhudi zake zimezaa matunda. Mwenyekiti akaja kumchukua mfanyakazi arudi kazini.

"Kamati ipo, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Ilale yenyewe ghalani."

Mwenyekiti akaondoka mikono mitupu. Tuliendelea kukutana Jumatano, bila paka, hadi ng'ombe alipokauka maziwa. Baada ya hapo akidi haikutimia tena. Mahindi yaliyobaki tuligawana haraka kabla panya hawajayamaliza.

Miezi ikapita, paka akazaa jikoni kwetu. Mwenyekiti akaja, safari hii kwa mlango wa nyuma, akaomba mtoto mmoja wa paka.

"Wa kijiji?" nikamuuliza.

"Hapana, wa nyumbani kwangu," akasema akitazama chini. "Panya wamenizidi."

Mama mkwe aliwatazama watoto wote kwa makini, kisha akamchagulia dume mweusi, mvivu kuliko wenzake.