Ni Vumbi Tu, Nilimwambia Kambale

Sihitaji uniamini. Anayetaka ataamini, na asiyetaka aje Bwera siku ya soko nimwonyeshe vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia, avidunge sindano akipenda. Nimechoka kuchekwa. Watu wananiambia, "Fundi, siku hiyo ulikuwa na njaa." Njaa gani hiyo inayounguza meza? Jambo hili lilitokea mchana, saa saba, jua liko utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la tonto, pombe yetu ya ndizi.

Mimi ni fundi wa laptopu. Duka langu liko Kasese mjini, lakini siku za soko huenda Bwera, mpakani na Kongo, ambako nina meza kwenye veranda ya Mama Biira anayeuza vitenge. Naenda kwa sababu Wakongo wanaovuka kutoka Kasindi huja na mashine ambazo mafundi wengine wanaogopa kuzifungua. Nasema zile nzito, za gemu, zenye feni mbili na chaja kubwa kama tofali. Huku hakuna anayecheza gemu nazo. Watu hukatia video za harusi na za kwaya, kutwa kucha, mashine imewekwa juu ya godoro feni zinanyonya pamba, halafu mwenyewe anakuja kuniuliza kwa nini inajizima.

Na wote ni waongo, nakwambia. Aliyemwaga chai ataapa kwa Mungu hajamwaga. Ukifungua unakuta sukari imeganda kwenye bodi. Aliyeiangusha atasema ilijipasua yenyewe. Nilikuwa nikiwadharau. Lakini mimi nami nilikuwa na uongo wangu, mmoja tu, mfupi. Nikishindwa, au nikiwa na haraka, au nikiona mteja hana akili ya kuelewa, nilikuwa nasema, "Ni vumbi tu." Kila mtu anaamini vumbi. Kasese nzima ni vumbi.

Sasa sikiliza. Alikuja kijana wa Kasindi, wa familia iliyokimbia vita vya upande wa Beni, mkata video. Akaniambia anaitwa Kambale. Hilo kwangu halikuwa jina. Kwetu sisi Wakonzo, na kwa ndugu zetu Wanande wa ng'ambo, mtoto huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa, na mvulana wa pili kule ni Kambale kama huku alivyo Bwambale. Kila nyumba ina wake. Wiki hiyo nilikuwa nimeandika Kambale kwenye laptopu tatu. Sura yake sikuishika. Mimi sura za watu zinanipita, mashine ndizo nakumbuka.

Yake ilikuwa inapata moto na kuzimika kila akianza kazi. Nikasafisha feni, nikabadilisha ile grisi ya kupozea, ikazimika tena. Basi nikaipika. Usishangae, ndivyo tunavyosema: unaelekeza bloa ya hewa moto kwenye chipu ya picha mpaka risasi ya kulehemu iliyo chini yake ilainike na kushika upya. Mashine hufufuka. Hukaa wiki, hukaa miezi, kisha hufa tena, na wewe unasema ni mambo ya Mungu.

Lakini chipu haikuwa kitu. Betri ilikuwa imevimba. Ilikuwa imeinua pale pa kutelezeshea kidole mpaka mfuniko haufungi. Betri iliyovimba haina dawa, hutolewa ikatupwa mbali na watu. Ningeitoa nikamwambia, "Ndugu yangu, tumia waya mpaka tupate nyingine Kampala." Maneno hayo yangenichukua muda gani? Ila yeye alikuwa na harusi Jumamosi, kwao umeme unakatika hovyo, na mimi sikutaka mtu atembee sokoni akisema kuna kitu kimenishinda. Kiburi tu. Nikaikandamiza kwa kiganja, nikafunga mfuniko kwa nguvu. Skrubu moja ikakataa, nikaweka ya shaba niliyoitoa kwenye redio.

"Ilikuwa nini, fundi?" akaniuliza.

"Ni vumbi tu."

Akasema wasingya, asante, akaenda zake. Ilipita miezi minne.

Siku ya pili ninayotaka kukusimulia, Mama Biira alikuwa ameenda kutununulia chakula. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua, nikainua macho, mtu amekaa kwenye kiti cha wateja. Sikumwona akija. Alivaa koti zito la mvua, limefungwa mpaka shingoni, na jua lile! Hakuwa na jasho hata tone. Nikamsalimu kwa Lhukonzo, lugha yetu. Akaweka laptopu mezani na kuisukuma kwangu.

"Iko na moto," akasema.

Nikaigusa. Kweli, ilikuwa na joto, ingawa haikuwa imewashwa. Nikamuuliza ameizima lini.

"Siku mingi."

Nikasema moyoni, huyu naye mwongo. Nikachukua bisibisi. Skrubu ya tatu ilikuwa ya shaba. Hapo nikaijua mashine, na mashine ikirudi kwangu huwa hairudi na habari njema. Nikafungua. Mahali pa betri palikuwa patupu. Pamekuwa peusi, pamekauka. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna umeme Bwera yote, na bodi ina joto la mkono wa mtu.

"Wewe, mashini hii hata haina betri," nikamwambia. "Inapata moto sababu gani?"

"Fundi ni weye."

Alivyolisema hilo sikulipenda. Nina kipimajoto kile cha kuelekeza bila kugusa, kama wanachotuelekezea kwenye paji la uso pale mpakani Mpondwe. Nakitumia kupimia bodi. Nikakielekeza kwenye chipu: thelathini na saba. Nikarudia. Thelathini na saba. Joto la mtu mzima asiyeumwa. Basi kwa hasira na utani nikamwelekezea yeye usoni, kama askari wa afya, nikasema, "Msafiri, simama tukupime." Kipimajoto kilionyesha zile herufi zinazotoka unapokielekeza kwenye soda ya friji. Maana yake ni kwamba mbele yake hakuna joto la kupima.

Je, wewe ungekimbia? Mimi nilikaa. Nilijiambia kipimajoto kimeharibika, nikakirudisha kwenye chipu. Fundi akiogopa hutafuta kifaa cha kulaumu.

"Iko na nini?" akauliza. "Sema."

Na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka, ukasema, "Ni vumbi tu."

Namba ikapanda mbele ya macho yangu. Hamsini na nne.

"Sema tena."

"Vumbi, nimekwambia! Mnalalia mashini kwenye magodoro, halafu—"

Themanini na moja. Grisi ikaanza kutoa moshi. Yule mtu akainama juu ya meza, harufu ile ikanijaa kooni, akasema polepole, "Weye njo ulinipika."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, na kicheko hicho ndicho ninachokionea haya kuliko vyote. Nilidhani anaizungumzia bodi. Nilidhani ni Kiswahili chao cha ng'ambo, kinachosema *njo* mahali pa *ndiyo* na kula herufi. Mimi ambaye Kiswahili changu mwenyewe nilikiokota sokoni nikajifanya mwalimu. "Sema *ulinipikia*," nikamwambia. "Ulinipikia mashini. Ukisema *ulinipika*, maana yake nilikupika wewe."

"Njo vile," akasema. "Ulinipika."

Akafungua viganja vyake juu ya meza. Vibonye vya kibodi vilikuwa vimeshikamana na nyama. Niliweza kusoma herufi. Sitakwambia zaidi ya hapo.

"Enda kwetu," akasema. "Ubaambie. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, banataka kumufukuza. Banasema jiko yake njo ilichoma nyumba. Enda useme ile kitu ulifanya."

Ungedhani nilipiga magoti? Nilikasirika. Woga wangu mimi hutoka kwa njia ya hasira. Nikamwambia siendi popote, mimi sikuwasha moto wa mtu, sikumtuma alale na mashine kitandani, aondoke kwenye veranda ya watu. Nilimtukana, Mungu anisamehe. Akanishika mkono.

Mafundi wa huku tuna jaribio letu. Ukitaka kujua kama chipu imepona unaweka vidole vitatu juu yake na kuhesabu mpaka tano. Ukifika tano hujavitoa, ni nzima. Alivichukua vidole vyangu vitatu, akavibana kwenye chipu.

"Hesabu," akasema.

Nikahesabu. Moja, mbili. Mkono wake ulikuwa baridi na chini yake palikuwa moto. Nilifika tano nikipiga kelele, hakuniachia. Akaniambia nianze tena.

Mama Biira alinikuta peke yangu, nimeinama kwenye meza nalia. Anasema hakupishana na mtu yeyote. Laptopu haikuwepo. Lakini ubao wa meza ulikuwa umeungua, pembe nne, kipimo cha laptopu, na vidole vyangu vilikuwa vyeupe kwenye ncha kama mahindi ya kuchemsha. Nilipomweleza, aliacha chakula kikapoa.

"Huyo ni Kambale yule wa video," akasema. "Aliungua na nyumba Kasindi. Wewe hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia! Nilisikia sokoni kwamba Kambale fulani ameungua, nikasema masikini, nikaendelea na kazi. Kambale wako wangapi?

Sasa fika hapa unihukumu. Sikwenda. Kuvuka Lhubiriha, mto wa mpakani, ni mwendo mfupi, watu wanavuka na mikungu ya ndizi kichwani, lakini mimi nilikaa Kasese na bandeji yangu siku kumi na moja. Nilijiambia watanipiga. Nilijiambia watanipeleka polisi, duka litafungwa, nitakula nini. Nilijiambia pengine ni jiko kweli. Kila usiku nilikuwa na sababu mpya, na zote zilikuwa na akili.

Siku ya kumi na mbili nilivuka. Kaka yake mkubwa, Paluku, alinipokea uani, mtu mkavu, hakunipa kiti. Nikasema yote: betri, kiganja changu, skrubu, vumbi. Aliita wazee wa ukoo, nikarudia. Aliita majirani, nikarudia tena. Mwanamke mmoja akanitemea mate. Wakanieleza kwamba usiku ule Kambale alikuwa peke yake na kazi ya ile harusi ya Jumamosi, mashine iko kwenye waya juu ya kitanda. Mke wake, Masika, alikuwa amelala hospitalini na mtoto mdogo mwenye homa. Jioni kabla ya kutoka alikuwa amepika, jiko la makaa akaliacha ukumbini. Hilo jiko ndilo lililompa kosa. Miezi minne walimwita muuaji wa mume wake, na yeye aliapa kwamba aliyazima makaa kwa maji.

"Yuko wapi?" nikauliza. "Nipelekeni mbele yake nimwambie."

Paluku aliangalia chini. "Tulimufukuza siku ya Mungu, ile ilipita. Yeye na batoto babili. Alivuka kwenu."

Nikahesabu. Jumapili ile ilikuwa siku ya tisa ya bandeji yangu. Siku nane nzima alikuwa bado yupo pale uani, anatukanwa, na mimi nilikuwa nimekaa Kasese na maneno yake mdomoni.

Ndivyo ilivyo tangu hapo. Vidole vitatu havisikii moto wala baridi. Nikipima chipu namuomba mteja mwenyewe aweke mkono. Betri iliyovimba naitoa mbele ya mwenyewe na kumwonyesha, akitaka kunichukia anichukie. Mtu huyo sijamwona tena, ila harufu ya plastiki huja veranda saa saba, siku nyingine kali mpaka Mama Biira anatoka nje. Masika nimemuulizia Kasenyi kwenye mwalo wa wavuvi, nimeuliza Bugoye, nimepanda mpaka Nyakalengija. Watu wananiuliza, "Masika yupi?" Nao wana haki, maana kila binti wa kwanza, huku na kule, ni Masika.

Basi wewe mwenye laptopu: ikipata moto, na pale pa kidole pameinuka, usiichomeke kwenye umeme, usilale nayo. Na fundi akikwambia ni vumbi tu, mwambie akuonyeshe hilo vumbi. Akikasirika, chukua mashine yako uende.

Halafu nifanyie jambo moja. Ukikutana na mwanamke mgeni anayeitwa Masika, ana watoto wawili, usimuulize ni Masika yupi. Mwambie halikuwa jiko lake. Waambie akina Masika wote.