Mabati ya Breki

Siku sita za wiki alisukuma mkokoteni, na kwa kuwa mkokoteni wenyewe haukuwa na breki, mtaa mzima ulimwita Breki. Jumapili alivaa fulana nyeusi, akaning'iniza filimbi shingoni, akawa mwamuzi wa mpira. Hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe akiambiwa achague kati ya mke na filimbi, ataomba kwanza muda wa kufikiri.

Mwamuzi wa kabla yake alikuwa meneja wa benki. Bwana yule akiboronga, watu walisema jua lilimpiga machoni, maskini. Breki akipatia, waliulizana amelambishwa nini. Ligi ile ile, uwanja ule ule! Tofauti ilikuwa gari la mmoja na kandambili za mwenzake.

Minong'ono ilimfikia katibu wa ligi, naye akamwita Breki pembeni.

"Ndugu yangu, fainali nakupa. Lakini nikisikia tena habari za rushwa, filimbi utairudisha."

Wiki hiyo hiyo mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mfadhili wa timu ya maghorofani, alimletea mabati mpaka mlangoni. Mke wa Breki aliyatazama mabati, akazitazama ndoo zilizokinga maji ya mvua sebuleni, kisha akamtazama mumewe. Breki aliyapakia kwenye mkokoteni, akayarudisha dukani. Aliporudi, chakula kilikuwa kimepoa, na mkewe alikuwa amempa mgongo, anamwaga maji ya ndoo. Kesho yake mwenyekiti wa wachuuzi, mlezi wa timu ya sokoni iliyokuwa ikutane na maghorofani kwenye fainali, alimjia na tairi mpya za mkokoteni. Nazo zikarudi zilikotoka. Hakumwambia katibu. Neno la msukuma mkokoteni dhidi ya wakubwa wale, nani angelisikiliza?

Siku ya fainali uwanja ulifurika. Timu zilikuwa sare, mechi ikielekea ukingoni, beki wa sokoni akamkwatua mshambuliaji wa maghorofani ndani ya boksi. Breki akapuliza. Penalti!

Mwenyekiti wa wachuuzi aliingia uwanjani mbio, kitambi mbele. "Kanunuliwa huyu! Njaa zake zinatumaliza!"

Breki alimwona katibu anakuja. Akaanza kuivua filimbi shingoni.

Lakini mwenye duka naye alikuwa keshaingia, kapandisha mori. "Kanunuliwa na nani? Kipindi cha kwanza katunyima goli letu! Nyie ndio mliomnunua!"

"Tumnunue kwa kitu gani, wakati tairi zetu karudisha?"

"Mabati yetu je? Si aliyarudisha vilevile?"

Wakubwa wale wawili walitazamana, midomo wazi, kila mmoja akigundua alichokwisha kusema. Muuza maji mmoja upande wa goli akapaza sauti: "Ehee! Kumbe wahongaji ni nyie, na mwenye njaa ni yeye?"

Kicheko kilichofuata kiliwaangusha watu kwenye mabenchi. Hata wale waliomsengenya Breki msimu mzima walicheka, wengine wakiangalia chini kwa aibu.

Katibu alimfikia, akaishika filimbi, akairudisha shingoni kwa mikono yake mwenyewe. "Endelea na kazi, mwamuzi."

Breki aliingiza mkono mfukoni, akatoa kadi nyekundu, akamnyanyulia mwenye duka. Akageuka, akamnyanyulia mwenyekiti. Wakatoka, mmoja mbele, mwingine nyuma, huku vigelegele vikiwasindikiza hadi getini.

Upande wa pili mwanamke alikuwa amepanda juu ya mkokoteni, khanga mkononi anaipunga, anapiga kelele mpaka sauti inakauka:

"Huyo mume wangu! Nyumba inavuja, mnasikia? Inavuja! Lakini huyo ni mume wangu!"

Breki alimsikia. Akajifuta macho kwa kiganja, akaweka mpira mahali pa penalti, akapuliza.