Karani Anayefuta Miji

Kila saa ya chakula, karani wa stoo hufungua mchezo wa kujenga miji kwenye kompyuta, na Millicent, mpokea wageni wa ofisi yao mtaani Westlands, humtazama kwa kijicho. Vidole vinene vya karani havina haraka. Hungoja mvua ya mchezoni ionyeshe maji yatapita wapi, ndipo aweke nyumba. Ijumaa aliufuta mji wake wote huku akipiga mluzi.

“Na husikii uchungu?” Millicent akauliza.

“Uchungu wa nini, Milly? Nikianza tena, mto hupita njia ingine.”

Millicent akarudi kwenye meza yake. Katika mchezo huohuo, yeye alikuwa na mji mmoja tu tangu Januari, na mto wake ulikauka alipokata msitu. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akashindwa kukibonyeza.