Binti yangu aliambiwa aeleze mlipuko wa jua kama anamwambia baba yake, na baba yake ni mimi

Wakuu, heshima zenu. Wadogo, shikamoo zenu nimeshazipokea, tusipoteze muda. Haya yamenitokea mwenyewe, sijasimuliwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Mandewa. Shule niliishia la nne. Nyumba, mashine na ada za watoto vimetoka kwenye mikono hii.

Binti yangu Neema anasoma masta ya mambo ya jua. Utafiti wake ni mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, jua linapolipuka.

Akauwasilisha mbele ya walimu wake, wakamrudisha. Mmoja akamwambia, "Nenda kajifunze kueleza kama unamwambia baba yako." Akapewa wiki mbili. Akishindwa, anarudia mwaka.

Akaja nyumbani analia.

Nikamwambia, "Baba yako si huyu hapa? Sema."

"Baba, kuna continuum..."

"Kiswahili!"

"Rangi zisizo na pengo katikati."

Nikamwacha hapo hapo. Nilikuwa nimekumbuka kitu: nikaenda shambani Mwankoko, nikafungua CD moja kati ya zile tunazofukuzia ndege kwenye mtama, nikarudi nayo nyumbani.

Nikaishika chini ya taa ya energy saver: rangi zimekaa mbali mbali, katikati giza. Chini ya balbu ya zamani: rangi zimeungana kama shuka moja. Nimeiona miaka, nikadhani mchezo tu.

Neema akaruka. "Ndiyo hiyo! Jua likilipuka, ng'ambo ya zambarau kuna vipande, na kuna shuka zima. Hilo shuka linatusaidia kujua moto wa mlipuko umeshuka mpaka wapi kwenye jua."

"Huko ng'ambo ndiko kunakonijaza mchanga machoni nikichomelea bila maski?"

"Ndiko, baba."

(Msicheke. Miaka yote nilisema ni joto. Nilikosea.)

Siku ikafika, nikavaa koti, nikamsindikiza chuoni. Akatoa CD na taa mbili, akaeleza. Hakuna aliyesinzia.

Yule mwalimu akauliza, "Nani kakufundisha hivi?"

Akaninyooshea kidole, nimekaa nyuma. "Ulisema nimweleze baba. Kanieleza yeye."

Kapita!

Mwalimu na suti yake akanifuata mlangoni. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Akaniomba ile CD. Nikamnyima. Ndege wanamaliza mtama wangu.

Nilichojifunza: la nne yangu haikunizuia kuona, na aliyesoma asione aibu kuja kuuliza gereji.

Mafundi, nyie mmeona nini kazini ambacho wasomi hawajawauliza? Wasomi, nikosoeni, ila kwa Kiswahili.