Kisima cha Baba

Juzi trekta langu dogo lenye mkono wa kuchimbia lilimaliza shimo la maji ya mvua nyuma ya nyumba, hapa Kwihara, kwa saa moja tu. Nilizima injini, na harufu ya udongo mbichi ikanikumbusha baba.

Yeye alichimba kisima kwa sululu kiangazi kizima. Alasiri moja nilisikia chuma kikigonga mwamba, tena na tena, kisha kimya. Baba alipanda juu, akalala kifudifudi, shavu likiwa kwenye udongo.

"Baba, unasikiliza maji?" nilimwuliza.

"Ndiyo, binti yangu. Bado yako mbali."

Nilikimbia kumpa mama habari njema kwamba maji yapo. Sasa najua baba alikuwa ameshindwa. Mama alimtazama baba pale chini, akachukua ndoo, akashika njia ya bwawani.